Kiti Kirefu na Kiti Kifupi

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na spana namba kumi shingoni, kaifunga kwa kamba ya kiatu, na hakuivua hata akienda kuoga. Mtaani kwetu wakamwita Namba Kumi. Wageni walidhani ni mchezaji wa mpira, wakawa wanamtazama miguu. Mpira wenyewe hata danadana mbili hawezi. Tangu utotoni akiwekwa timu moja na wewe, jua mmefungwa. Spana ile ilikuwa ya kufungulia na kukazia nati nne zinazoshika kiti cha pikipiki yake, na kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa maisha ya mke wake yalitegemea nati hizo nne.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya pikipiki. Nina kibanda kando ya barabara, mkabala na wauza mbao, na ndani yake kuna cherehani ya kukanyaga, magunia ya sponji, na marobota ya ngozi bandia ya kila rangi. Wanaume wengi wakinikuta huuliza, "Fundi yuko wapi?" Nawajibu kwamba fundi kaenda kumzika mteja wa mwisho aliyeuliza swali hilo. Wanacheka, wanakaa, wananipa kiti. Nasema haya ili ujue mapema kwamba mimi si mtu mpole, na ukiona mahali nimefoka, usishangae.

Wifi yangu alikuja kwetu kwa njia ya kiti. Wakati huo Namba Kumi alikuwa anabeba abiria, na kiti chake kilikuwa kikuukuu, sponji imelala kabisa. Siku moja abiria wake mmoja, msusi wa nywele, alishuka akijishika kiuno akamuuliza, "Kaka, hiki ni kiti au gogo la kukatia nyama?" Mtu mwingine angenuna. Yeye alikuja kwangu mbio akitaka sponji mbili upande wa nyuma. Nyuma tu.

"Na mbele unapokaa wewe?" nikamuuliza.

"Mbele mimi nimeshazoea, dada."

Hapo nikajua kuna mtu. Kabla ya mwaka kwisha yule msusi akawa wifi yangu. Tulianza kwa kununiana, kama mawifi wote, mpaka siku aliponisuka nywele bila kuniumiza hata mara moja, na kuanzia hapo nikamsamehe kosa la kumchukua mdogo wangu. Wakapata binti mmoja, mwenye domo kama shangazi yake.

Binti huyo alikuwa na miaka sita wifi alipoanza kuvimba miguu. Akasema ni kusimama sana kwenye kazi ya kusuka. Kisha akavimba uso. Hospitali wakasema figo zote mbili zimechoka, na kwamba kuanzia sasa damu yake itasafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Namba Kumi akauliza mpaka lini. Daktari akamwambia hakuna cha mpaka lini, siku atakapoacha ndiyo siku zitakapoanza kuhesabika.

Matibabu ya namna hiyo hayalipiki kwa kubeba abiria. Mdogo wangu akahangaika huku na huku mpaka akapata kazi kwenye kampuni ya kusambaza vifurushi. Mshahara ulikuwa wa kawaida, lakini kazi ilikuja na kadi ya matibabu yenye majina matatu, lake, la mke na la mtoto. Alinionyesha ile kadi kwa mikono miwili. Pikipiki ilikuwa yake mwenyewe, ila kampuni ilikuwa na sharti: kiti cha mtu mmoja tu, nyuma yake keria, juu ya keria sanduku lao. Abiria marufuku. Kiti cha abiria marufuku hata kikiwa kitupu. Inasemekana kuna dereva wao aliyewahi kuanguka na abiria wake wote wawili wakafa, na kesi ikaitesa kampuni miaka mingi.

Kwa hiyo kadi ndiyo iliyompa wifi mashine, na kiti kifupi ndicho kilicholinda kadi. Lakini kumfikisha wifi kwenye mashine kulihitaji kiti kirefu. Mtego wenyewe ulikuwa huo, na mdogo wangu aliuingia macho makavu kwa sababu hakuwa na pengine pa kupita.

Utauliza kwa nini wifi hakupanda basi. Hata mimi niliuliza, tena kwa ukali. Wiki ya kwanza alipanda, na wakati wa kurudi akazimia mlangoni, wakamshusha kituoni wakidhani kalewa. Mtu akitoka kwenye mashine ile huwa kama nguo iliyokamuliwa; anasinzia, shingo inalegea, hajui kushoto wala kulia. Pikipiki ya mtu baki ingemwangusha. Nikashona mkanda mpana kwa kamba za mabegi ya zamani, unawazunguka wote wawili na kufungwa kwa bakoli ya chuma, kama ya mkanda wa suruali, tumboni mwa Namba Kumi, na hivyo ndivyo alivyombeba, amelala mgongoni kwake kama mtoto.

Kubadili kiti si kazi kubwa ukiwa na nafasi. Unatoa sanduku, unafungua nati mbili za keria na mbili za kiti kifupi, unavivuta. Unachukua kile kirefu, unaingiza ulimi wake wa chuma chini ya tangi mpaka usikie umekaa, unakishusha, unakaza nati zilezile nne. Asiyejua huanza na nati akausahau ulimi, na abiria akipanda kiti kinainuka mbele kama mbuzi anayetaka kupigana. Ni robo saa ukiwa umetulia. Namba Kumi hakuwa ametulia tangu siku ya kwanza, akawa anatumia dakika kumi, na vidole vyake vikajaa makovu.

Jumapili jioni alipita kibandani kwangu akaweka kirefu. Jumatatu alfajiri alimfunga wifi mgongoni, akamfikisha hospitali kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Akarudi kwangu, akaacha kirefu, akaweka kifupi na sanduku, na saa mbili yuko kwenye geti la kampuni. Saa tano, wenzake wakienda kula, yeye alikuja akaweka kirefu, akamchukua mkewe, akamlaza nyumbani, akarudi akaweka kifupi. Kesho yake jioni, kirefu tena. Kiti kisichotumika kilikaa kwenye msumari mkubwa juu ya cherehani yangu, nami kwa kuutazama msumari tu nilijua wifi yuko wapi. Nikikuta kifupi pale, wifi yuko njiani. Nikikuta kirefu, wifi yuko kwenye mashine au kitandani.

Jambo la hospitali lilikuwa ni muda. Mashine ni chache na wagonjwa ni wengi. Ukichelewa robo saa, nafasi yako ya siku hiyo imekwenda. Dawa na mipira ya kupitishia damu vimeshafunguliwa, haviwezi kurudi kabatini, kwa hiyo nesi hutoka mlangoni akamwita mtu wa kwanza kwenye benchi, naye anawekwa bure. Benchi lenyewe liko kwenye korido, na linakaliwa na wagonjwa wasio na kadi. Wanafika alfajiri, wanakaa kimya wakitazama saa ya ukutani. Wapo wanaokaa wiki mbili bila kuitwa.

Jumatano moja nusura tuchelewe kweli. Jana yake Namba Kumi alikuwa amepewa kifurushi cha mwisho huko mwisho wa mji, hakuwahi kupita kwangu, ikabidi kiti kibadilishwe alfajiri ileile. Nilifungua kibanda jua halijatoka. Wifi akakaa juu ya gunia la sponji, miguu imevimba ndani ya ndala za mumewe, maana zake zilikuwa hazimwingii. Nati ya tatu ikamponyoka Namba Kumi, ikabingirika, ikaingia mtaroni. Mdogo wangu akalala kifudifudi, mkono mzima ndani ya maji machafu, anapapasa.

"Achana nayo," nikamwambia.

"Nati tatu hazitoshi, dada. Nitamwangusha."

"Nimesema achana nayo!"

Nikainama, nikafungua nati kwenye mguu wa cherehani yangu, nikamrushia. Cherehani hiyo inayumba mpaka leo, na kila nikishona naisikia.

Walifika. Wifi ndiye aliyenisimulia. Walipoingia koridoni, mama mmoja wa benchi mwenye sweta ya kijani alikuwa ameshaitwa, kasimama karibu na mashine, kavua kiatu kimoja. Nesi akatazama saa, akamtazama wifi, akamwambia yule mama, "Samahani mama, mwenyewe amefika." Yule mama akakivaa kiatu chake, akarudi benchini. Wifi alinisimulia habari hiyo mara tatu wiki ile, na kila mara aliishia kwenye kile kiatu.

Mwezi uliofuata msimamizi wa kampuni alimkuta Namba Kumi kwenye taa za barabarani, saa sita mchana, koti la kampuni mwilini na mke mgongoni. Akapewa barua ya onyo, akaisaini. Wakamwambia barua ya pili hakuna, cha pili ni kurudisha kadi. Akaja kwangu akakaa chini, mgongo ukutani, akaniambia, "Dada, nimechoka mpaka nikilala nageuza mkono kama nakaza nati." Nikampa chai, ikapoa mkononi mwake.

Wiki hiyohiyo, Jumanne, siku ambayo alitakiwa awe kitandani, wifi alikuja kibandani peke yake kwa miguu. Nilimwona toka mbali akipumzika kwenye kila nguzo ya umeme. Nikamkimbilia na kigoda, akakataa, akaingia ndani, akakaa kwenye gunia lake.

"Wifi, nimekuletea kazi," akasema.

"Kazi gani? Umenunua pikipiki?"

Hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye msumari. "Hicho kirefu. Kikate."

"Nikikate vipi?"

"Kiwe kifupi. Ukikikata hatakuwa na kiti cha kunibebea. Asiponibeba, kazi inabaki. Kadi inabaki. Mtoto anabaki na kadi."

"Na wewe unabaki na nini?"

"Mimi nitatafuta njia nyingine."

"Ipi?"

Akawatazama wauza mbao ng'ambo ya barabara kama mtu anayechagua ubao. Nikaelewa, na damu ikanipanda kichwani. Nilimfokea mgonjwa, naomba radhi, lakini nilimfokea. Nikamwambia kiti kile nimekishona mara nne kwa mikono yangu, sponji za nyuma niliziweka kabla hata yeye hajalijua jina la mwanamume aliyekuwa akimbeba, na sitaweka mkasi pale, labda anikate mimi kwanza. Nikamwambia mwanangu yule, binti yao wa miaka saba, hali kadi. Akalia. Na mimi nikalia, ila mimi hulia kwa hasira, natukana huku nalia.

"Usimwambie mdogo wako," akasema mwisho.

"Simwambii. Na wewe usinirudie hapa na upuuzi huu."

"Nimesikia, wifi."

Nikafunga kibanda, nikamshika mkono, tukatembea mpaka kwake, tukipumzika kwenye kila nguzo.

Niliporudi sikushona kiti cha mtu. Nilichukua chaki nikachora sakafuni, nikafuta, nikachora. Nilikuwa nimeona kitu ambacho mwaka mzima sikukiona: kinachomkalisha wifi ni nusu ya nyuma tu. Kwa nini kubadili kiti kizima? Nikatengeneza kipande cha nyuma peke yake, ubao, sponji nene, ngozi bandia nyeusi, na chini yake vibanio viwili vya chuma ambavyo jirani yangu wa kuchomelea alinitengenezea. Kinakaa juu ya keria. Unatoa sanduku, unakiweka, unabana huku na huku, abiria anapanda. Hakuna spana. Ukikibandua, pikipiki ni ya mtu mmoja na hata malaika hawezi kusema vingine. Nilikijaribu mwenyewe mpaka mwisho wa barabara na kurudi, na mimi si mwepesi. Kilichonibeba mimi kingewabeba mawifi wawili.

Namba Kumi alikitazama, akakibana, akakibandua, akakibana tena. Akavua spana shingoni akaitia mfukoni, kwa mara ya kwanza bila kuwa na nati ya kukaza. Kifuani palikuwa na alama nyeupe ya umbo lake.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa nzuri, na nazikumbuka kwa uchungu. Kubadili kulichukua muda wa kupiga chafya. Mdogo wangu alikula chakula cha mchana siku ya Jumatano, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu apate kazi ile. Wifi akaniita "wifi injinia". Madereva wa jirani walikuja kukitazama, wakatikisa vichwa, wakanisifu, na mimi nikasifika. Nilikuwa natembea kifua mbele hata kwenda dukani kununua chumvi.

Kilichobaki kumsumbua ni jioni. Kipande kilikaa kwangu mchana, na kila siku ya kuamkia mashine ilimbidi apitie kibandani kukichukua, katikati ya foleni ya magari.

"Dada, jioni barabara inaniua," akaniambia. "Saa nzima, kwa ajili ya kipande tu."

Nikamjibu, na maneno haya ni yangu, sikuyasikia kwa mtu: "Si ukiweke ndani ya sanduku ukienda nacho? Kinaenea. Nani atakuuliza?"

Akili nyingi huondoa maarifa. Kiti kirefu kilikuwa kikubwa, kizito, hakifichiki popote, kwa hiyo kilibaki kwenye msumari wangu mbali na macho ya kampuni. Taabu ile ya spana na nati, iliyokuwa ikimla vidole, ndiyo hiyohiyo iliyomlinda. Mimi nikaiondoa, nikajipongeza, kisha nikamtia ushahidi ndani ya sanduku kwa ushauri wangu mwenyewe.

Jioni ya Jumanne wakati wa kufunga kazi, walinzi walikuwa wakifungua masanduku getini kuhakikisha hakuna kifurushi kilichobaki. Yeye alilijua hilo. Alidhani wanatafuta vifurushi, hawatafuti mito. Mlinzi akakitoa kipande, akakigeuza.

"Hiki nini?"

"Mto."

"Mto wa nini?"

"Wa kuzuia vifurushi visigongane."

Mlinzi angekirudisha, mdogo wangu anasema alikuwa ameshaanza kukirudisha. Lakini msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake, akaona vibanio. Akakichukua, akaondoa sanduku, akakiweka juu ya keria. Kikakaa. Akabana huku, akabana huku, vyote viwili vikashika barabara, bila kulegea hata kidogo, kama nilivyovipima. Kingekuwa kimetengenezwa na fundi mbovu, labda kingekataa, na mdogo wangu angepata la kusema.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwao bila kuitwa. Msimamizi hakuwa mtu katili, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilikwenda nikiwa nimejiandaa kupigana na katili. Alinipa kiti. Kipande changu kilikuwa juu ya kabati, kimebandikwa karatasi yenye tarehe.

"Ni changu hicho," nikamwambia. "Nimekitengeneza mimi, na kukiweka sandukuni nilimwambia mimi. Nifukuzeni mimi."

"Mama, wewe hatujakuajiri."

"Basi niajirini mnifukuze."

Akashusha macho. "Mama, nimekuelewa. Lakini alishaonywa, na saini yake hii hapa. Nikimwachia yeye, kesho wote wanabeba watu."

"Kadi inaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi ni Jumapili."

"Ndiyo, mama."

"Jumatatu mke wake ana mashine."

Alisema ataandika barua kwa wakubwa, na akaichukua kalamu kweli, lakini wote wawili tulijua barua ina mwendo wake na figo zina mwendo wake. Nikasimama. Nilitaka kusema neno zito, na lililonitoka likawa la kazi yangu: "Kiti chako kimekufa sponji. Umekalia ubao mtupu, mwaka wa ngapi huu?" Akajitazama alipokaa. Nikatoka, nikalia njia nzima.

Jumapili jioni Namba Kumi alikuja. Sanduku la kampuni alikuwa amesharudisha, na keria nyuma ya kiti kifupi ilionekana kama mdomo usio na meno. Akavifungua vyote viwili. Akachukua kile kirefu kutoka kwenye msumari, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akaingiza ulimi chini ya tangi, akakishusha. Akakaza nati moja moja bila haraka. Sijawahi kumwona akifanya kazi ile taratibu hivyo. Alipomaliza hakuirudisha spana mfukoni. Aliitundika kwenye msumari wangu.

"Kaa nayo, dada. Sina cha kubadili tena. Kesho narudi kwenye abiria."

"Ni mimi niliyekwambia uweke ndani ya sanduku," nikasema. Nilikuwa sijamwambia hivyo tangu siku ile.

"Najua, dada."

Basi, hivyo tu. Angenitukana ningepumua. Nilibaki nikitazama ile pikipiki. Sasa alikuwa na kiti cha watu wawili siku saba za wiki. Angeweza kumpakia mke wake saa yoyote aitakayo, apite naye mbele ya geti la kampuni akipiga honi, na hakuna wa kumwandikia barua. Ila hakuwa tena na mahali pa kumpeleka.

Jumatatu alfajiri nilikuwa natoa ubao wa mlango niliposikia mlio wa pikipiki yake. Nilidhani anawahi abiria. Ikasimama mbele yangu, na mgongoni kwake alikuwa wifi, kafungwa mkanda, kavaa gauni safi na kitambaa kichwani, kama kila Jumatatu.

"Mkanda unalegea, wifi," akasema. "Nimepungua. Hebu unikazie."

"Mnakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Kadi si imekwisha jana?"

"Tunakwenda benchini," akasema Namba Kumi bila kugeuka.

Nikachukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, nikapiga magoti ardhini pale pembeni ya barabara, nikaanza kutoboa tundu jipya kwenye mkanda. Nikakosea mara moja. Wifi akaniinamia, akawa anasema polepole, karibu na sikio langu.

"Unamkumbuka yule mama wa sweta ya kijani?"

"Namkumbuka."

"Alipokivaa kile kiatu akarudi kukaa, mimi nilimshukuru Mungu. Nilipanda kitandani nikisema asante, asante. Siku nyingine zote sikumuuliza hata jina. Sasa simwoni tena pale."

"Wifi, nyamaza. Usiongee, utachoka."

"Leo nitakaa pale alipokaa yeye, nitazame saa, niombe mtu achelewe." Akavuta pumzi. "Na atakayechelewa atakuwa ni mtu kama mimi, wifi. Atakuwa na mume kama huyu, kalala mtaroni mahali anatafuta nati."

Nilipitisha sindano ya bakoli kwenye tundu jipya, nikavuta, nikauliza kama umebana sana. Akasema hapana, uko sawasawa. Kisha akamgusa mumewe begani.

"Haya, twende," akamwambia. "Tusije tukakuta benchi limejaa."